Edward Ellsberg: Mhandisi aliyeinua meli zilizozama kwa nguvu za hewa

WAKAZI wa mwambao wa Ziwa Victoria katika kaunti za Homa Bay na Migori wanaujua vyema mshtuko unaozuka ufuoni chombo kinapopinduka. Kuanzia Kendu Bay, Mbita na visiwa vya Rusinga na Mfangano, hadi Karungu na Muhuru karibu na mpaka wa Tanzania, habari ya ajali ya majini huzua maswali mawili papo hapo. Je, kuna aliye hai huko chini? Na chombo chenyewe kitatolewaje?

Yupo mtu mmoja aliyeyashughulikia maswali hayo kwa karibu miaka 20 ya maisha yake. Jina lake ni Edward Ellsberg, mhandisi wa Jeshi la Majini la Marekani, aliyefariki mwaka wa 1983. Ingawa alizaliwa ng'ambo ya pili ya dunia, kazi iliyompa sifa kuu aliifanya barani Afrika, katika bandari ya Massawa nchini Eritrea, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu.

Ellsberg alizaliwa Novemba 21, 1891, mjini New Haven, jimbo la Connecticut. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi. Alikuwa bado mtoto mchanga familia ilipohamia Colorado, jimbo la milima lililo mamia ya maili kutoka baharini. Hata hivyo, kijana huyo aliipenda bahari tangu mapema. Baada ya kusoma kwa muda mfupi katika Chuo Kikuu cha Colorado, alijiunga na Chuo cha Jeshi la Majini mjini Annapolis na kuhitimu mwaka wa 1914 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake. Baadaye alipelekwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), ambako alisomea uundaji wa meli hadi kupata shahada ya uzamili.

Huenda angemaliza utumishi wake katika karakana za meli bila kujulikana, lau si ajali iliyotokea usiku wa Septemba 25, 1925.

Nyambizi ya S-51

Usiku huo, nyambizi ya Marekani iliyoitwa S-51 ilikuwa ikisafiri juu ya maji karibu na kisiwa cha Block, pwani ya Rhode Island, ilipogongwa ubavuni na meli ya abiria, City of Rome. Ilizama kwa dakika chache. Kati ya mabaharia 36 waliokuwemo, ni watatu tu walionusurika. Nyambizi ikatua kwenye sakafu ya bahari, mita 40 chini.

Ellsberg, aliyekuwa mhandisi katika karakana ya jeshi mjini New York, aliamini kwamba wanamaji wenyewe wangeweza kuiibua. Alikabidhiwa jukumu la kiufundi, huku kikosi chote kikiongozwa na Kapteni Ernest King, ambaye baadaye angekuwa mkuu wa Jeshi la Majini la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Mbinu waliyoitumia ni rahisi kuieleza ingawa utekelezaji wake ulikuwa wa hatari. Maboya manane makubwa ya chuma yalijazwa maji yakazamishwa kandokando ya nyambizi. Minyororo ilipitishwa chini ya tumbo la nyambizi na kufungwa kwenye maboya hayo. Kisha hewa ilisukumwa kwa kompresa kutoka juu hadi ndani ya maboya na ndani ya vyumba vya nyambizi vilivyokuwa vimezibwa. Hewa ilipoingia, maji yalitoka; na maji yalipotoka, chuma kikawa chepesi kiasi cha kuelea.

Ugumu ulikuwa kwa wazamiaji. Ili minyororo ipite, walilazimika kuchimba mahandaki chini ya nyambizi wakitumia mipira ya maji yenye nguvu, katika giza na baridi kali. Mmoja wao, Francis Smith, alikuwa ndani ya handaki hilo udongo ulipoporomoka nyuma yake na kumfukia. Alijiokoa kwa kuugeuza mpira wake na kuichimba tena njia aliyoingilia. Kila mzamiaji alipaswa kupandishwa juu polepole, kwa vituo, kwa maana anayepanda haraka kutoka kina hicho hupatwa na maputo ya hewa katika damu, na maputo hayo yanaweza kumlemaza au kumuua.

Ellsberg hakuwatuma wengine mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. Alijifunza kuzamia, akavaa kofia ya shaba na viatu vya risasi, akashuka kuikagua nyambizi kwa macho yake. Kazi iliposimamishwa kwa sababu ya baridi kali, aliutumia msimu huo kuboresha mwenge wa gesi wa kukatia chuma chini ya maji na kuwapa mafunzo wazamiaji zaidi.

Juni 22, 1926, nyambizi iliibuka kabla ya wakati wake huku bahari ikiwa imechafuka, na wahandisi wakalazimika kuiacha izame tena, kazi ya miezi mingi ikivurugika mbele ya macho yao. Walianza upya. Mnamo Julai 5, S-51 iliinuka na kukaa juu ya maji, ikakokotwa hadi New York, na miili ya mabaharia iliyokuwamo ikatolewa ili ifanyiwe mazishi. Ellsberg alitunukiwa Nishani ya Utumishi Uliotukuka.

Sauti za nyundo

Mwaka huohuo aliacha jeshi na kuajiriwa kama mhandisi katika kampuni ya mafuta ya Tide Water. Lakini Desemba 17, 1927, nyambizi nyingine, S-4, iligongana na meli ya walinzi wa pwani, Paulding, karibu na Provincetown, Massachusetts, ikazama na watu 40. Ellsberg alijitolea mara moja na kurudi kazini.

Tofauti na S-51, safari hii walikuwepo watu walio hai chini. Wanaume sita walikuwa wamejifungia katika chumba cha mbele, na wazamiaji waliogonga ngozi ya nyambizi kwa nyundo walijibiwa kwa mapigo kutoka ndani. Makamanda waliamua kwanza kupeleka hewa kwenye matangi ya nyambizi ili inyanyuke yote. Jaribio hilo halikufaulu. Kabla mrija wa kuwapelekea wale sita hewa ya kupumua haujaunganishwa, dhoruba ilivuma na kuwatawanya waokoaji. Mapigo yalizidi kufifia kwa siku kadhaa, kisha yakakoma. Wote 40 walikufa, na nyambizi ikaibuliwa Machi 1928.

Hasira ya umma kutokana na vifo hivyo ililisukuma jeshi kutafuta vifaa vya kuokolea watu. Kengele ya chuma ya kuwashushia mabaharia waliokwama ilikuwa tayari nyambizi Squalus ilipozama Mei 1939, na watu 33 walitolewa wakiwa hai. Bunge la Marekani, kwa upande wake, lilimpandisha cheo Ellsberg hadi kuwa Kamanda katika jeshi la akiba kwa sheria maalumu.

Katika miaka hiyo ya uraiani aligeukia pia uandishi. Kitabu chake kuhusu S-51, On the Bottom, kilimpatia wasomaji wengi, na riwaya yake ya mwaka wa 1931, Pigboats, ilitengenezewa filamu. Umaarufu huo ungetosha kumstarehesha mtu wa makamo. Japani iliposhambulia Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, Ellsberg, akiwa na umri wa miaka 50, aliomba kurudi jeshini.

Massawa

Wakati huo vita vilikuwa vimeshafika Afrika Mashariki. Askari wa King's African Rifles, wakiwemo vijana kutoka Nyanza, walikuwa wamepigana na Waitaliano katika Somalia na Ethiopia. Kwa upande wa kaskazini, majeshi ya Uingereza yalikuwa yameiteka Massawa Aprili 8, 1941. Lakini kabla ya kusalimu amri, Waitaliano walizizamisha makusudi meli zao na za Wajerumani zilizokuwa bandarini, wakizipanga kwa safu kwenye milango ya bandari. Mashine za karakana zilivunjwa kwa nyundo. Vyelezo viwili vinavyoelea vililipuliwa kwa mabomu.

Chelezo cha aina hiyo ni gati kubwa la chuma lenye matumbo yaliyo wazi ndani. Hujazwa maji likazama kidogo, meli ikaingia katikati yake, kisha maji yakatolewa na gati likainuka na meli mgongoni ili itengenezwe. Bandari isiyo na chelezo haiwezi kuitibu meli iliyojeruhiwa chini ya maji.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana katikati ya 1942. Jeshi la Jenerali Rommel wa Ujerumani lilikuwa limefika El Alamein, takriban kilomita 100 kutoka Alexandria, kituo kikuu cha manowari za Uingereza mashariki mwa Mediterania. Meli za Japani nazo zilikuwa zimeingia Bahari ya Hindi, na kikosi cha Uingereza cha mashariki kikahamishia makao yake Kilindini, Mombasa. Kama Alexandria ingeanguka, manowari iliyoharibika ingelazimika kusafiri hadi Durban kutafuta chelezo kikubwa.

Ellsberg aliwasili Massawa mwishoni mwa Machi 1942 karibu mikono mitupu. Meli za uopoaji na vifaa alivyoahidiwa vilikuwa bado safarini, na wazamiaji hawakuwepo. Joto la Massawa wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40, na mvuke wa bahari huzidisha adha yake. Mabamba ya sitaha yaliunguza nyayo.

Alianza na kilichokuwepo. Mafundi wa Kiitaliano waliokuwa wafungwa wa vita waliwekwa kwenye karakana zilezile zilizovunjwa na wenzao; vipuri vya mashine moja vikatumiwa kufufua nyingine, na vilivyokosekana vikasubuliwa papo hapo. Vibarua wa Eritrea walikwangua viumbe na magugu ya baharini yaliyoota kwenye matumbo ya meli za mizigo, zilizopandishwa moja baada ya nyingine kwenye chelezo kingine kilicholetwa kutoka Iran. Wasudani, Wahindi, Waingereza na Wamarekani wachache walifanya kazi bega kwa bega na watu waliokuwa maadui mwaka mmoja uliopita.

Mtihani mkubwa ulikuwa chelezo kikuu cha Waitaliano. Kilikuwa na vyumba vinane, na mabomu yalikuwa yamelipuka katika saba kati ya hivyo na kufungua matundu makubwa kwenye sakafu. Wataalamu waliokitazama kabla yake walikata tamaa, kwa kuwa kuziba matundu hayo yote chini ya maji kungechukua miezi mingi.

Ellsberg alilitazama jambo hilo kwa namna nyingine. Bilauri ikifudikizwa na kusukumwa ndani ya maji haijai, kwa sababu hewa iliyomo haina pa kutokea. Basi matundu ya chini hayakuwa na neno. Kilichotakiwa ni kuziba kila mwanya wa juu, kisha kusukuma hewa kwa kompresa ili maji yatoke kupitia matundu yaleyale yaliyotobolewa na mabomu. Wanaume wachache walifanya kazi hiyo usiku na mchana. Siku ya tisa, chelezo kilikuwa kinaelea.

Baada ya hapo meli nazo zilianza kuibuka. Ya kwanza kati ya zile kubwa ilikuwa Liebenfels ya Wajerumani, iliyozibwa matundu na wazamiaji na kutolewa maji kwa pampu. Nyingine, Brenta, ilikutwa na bomu la baharini lililotegwa ndani ya ngama yake, jambo ambalo lingeweza kuwamaliza wazamiaji wote kwa kosa moja la mkono.

Agosti 1942 ililetwa Massawa manowari Dido ya Uingereza, iliyokuwa imeharibika upande wa shetri. Ilikuwa ndefu na nzito kuliko uwezo wa chelezo kilichokuwa tayari. Ellsberg aliamua kuinua sehemu ya nyuma pekee, sehemu ya mbele ikiachwa ielee nje ya chelezo. Ilikuwa hesabu ya hatari, kwani meli ikiteleza ingeangamia pamoja na chelezo. Haikuteleza. Manowari nyingine mbili za jamii hiyo, Euryalus na Cleopatra, zilifuata kwa njia hiyohiyo, na zote tatu zikarudi vitani.

Oran na Normandy

Novemba 1942, majeshi ya Marekani na Uingereza yalipotua Algeria na Morocco, Ellsberg aliamriwa kwenda kusimamia uopoaji katika bandari za Afrika Kaskazini chini ya Jenerali Eisenhower. Huko Oran alikuta tena bandari iliyozibwa kwa meli zilizozamishwa, na tena akainua chelezo kutoka chini. Mwili wake haukustahimili. Mapema mwaka wa 1943 alirudishwa nyumbani akiwa amechoka mno.

Alipopata nafuu, alipelekwa Uingereza mwaka wa 1944 kusaidia maandalizi ya uvamizi wa Normandy. Makasha makubwa ya saruji yaliyokusudiwa kuunda bandari za muda kwenye pwani ya Ufaransa yalikuwa yamezamishwa kwa muda karibu na ufuo. Ellsberg aligundua kwamba pampu zilizokuwepo zisingetosha kuyainua kwa wakati, na onyo lake lilichangia kazi hiyo kukabidhiwa Jeshi la Majini la Uingereza. Serikali ya nchi hiyo ilimtunuku nishani ya CBE, na aliacha utumishi mwaka wa 1951 akiwa na cheo cha Admeri wa Nyuma (Rear Admiral).

Hakuwa mtu mwepesi wa kuishi naye kazini. Aligombana na makandarasi pamoja na maafisa waliotanguliza makaratasi, na kitabu chake kuhusu Massawa, Under the Red Sea Sun, cha mwaka wa 1946, kinasimulia magomvi hayo kwa macho yake mwenyewe. Msomaji ana haki ya kukumbuka kwamba upande wa pili haukuandika kitabu. Vilevile, nishani ziliwaendea maafisa, ilhali majina ya wengi wa vibarua wa Eritrea na Sudan waliovuja jasho katika joto lile hayakumbukwi na mtu.

Fundisho kwa ziwa

Ziwa Victoria nalo lina historia yake ya uopoaji. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, meli za reli za Uingereza zilikabiliana na chombo cha Wajerumani, Muansa, katika ghuba ya Karungu, ambayo leo iko Kaunti ya Migori. Novemba mwaka huo, mojawapo ya meli hizo, Sybil, iligonga mwamba na kuachwa Majita, upande wa Wajerumani. Waingereza waliirudia mwaka uliofuata na kuifanya ielee tena.

Lakini historia inayouma zaidi ni ya karibu. Mei 21, 1996, meli MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa na abiria kupita kiasi. Tumbo lake lilibaki juu ya maji kwa muda, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Katika jitihada za kuwaokoa, chuma kilitobolewa. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kwa kishindo, maji yakapanda, na meli ikazama. Waliokufa siku hiyo wanakadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000. Meli iliyopinduka ni ile bilauri iliyofudikizwa: kinachoielesha na kinachowapa uhai waliomo ni hewa ileile, nayo ikipata upenyo wa juu, vyote viwili hupotea.

Kinyume chake kilionekana Septemba 2018. Kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Siku mbili baadaye, wazamiaji walimtoa akiwa hai mhandisi wa kivuko hicho, aliyekuwa amesalia katika chumba chenye hewa ndani ya chombo kilichopinduka.

Kenya nayo ina makovu yake. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilizama Mombasa na kuua watu 272. Septemba 29, 2019, mama na bintiye walitumbukia na gari lao kutoka kwenye feri ya Likoni, na ilichukua siku 12 kulitoa gari hilo kutoka kina cha mita 58. Taifa zima lilishuhudia jinsi ilivyo vigumu kuanza kutafuta wazamiaji na vifaa baada ya ajali kutokea.

Hilo ndilo jambo ambalo maisha ya Ellsberg yanawaambia wanaosafiri kwa mashua kati ya Mbita na Mfangano, na wavuvi wanaotoka Sori au Muhuru usiku. Wale sita wa S-4 hawakufa kwa kukosa watu mashujaa juu yao. Walikufa kwa sababu vifaa na uamuzi sahihi havikuwa tayari kabla ya dhoruba. Huko Massawa, kilichomsaidia Ellsberg ni kwamba alikuwa amejifunza kanuni ya hewa na maji miaka 16 mapema, kwa kuvaa kofia ya shaba na kushuka mwenyewe.

Edward Ellsberg alifariki Januari 24, 1983, mjini Bryn Mawr, jimbo la Pennsylvania, akiwa na umri wa miaka 91. Miaka 13 baadaye, karibu na Mwanza, watu waliotaka kuokoa maisha walilitoboa tumbo la meli lililowabeba walio hai.